Shauri la Juma Hili: Kosa Dogo la Zamani na Viza ya Kwenda Ng'ambo

Liko swali moja ambalo watu wengi huliuliza kwa sauti ya chini, tena wakiwa wamekwisha kutazama nyuma waone kama yuko mtu anayesikiliza. Swali lenyewe ni hili: "Mtu aliyepata kushtakiwa zamani kwa kosa dogo, akatozwa faini akaenda zake, je, aweza kupewa viza ya kwenda ng'ambo, au mlango umekwisha kufungwa?"

Mwulizaji huyu si jambazi. Mara nyingi ni mkulima wa chai ambaye binti yake amesoma huko Kanada, na sasa anamwita baba aje aone siku ya kupewa digrii. Au ni karani aliyepata nafasi ya masomo ya mwaka mmoja Uingereza. Au ni mama anayetaka kwenda Marekani kumpakata mjukuu wake wa kwanza. Kila mmoja wao ana jambo moja la zamani ambalo hata majirani wamelisahau, na sasa fomu imemkumbusha.

Yafaa swali hili lijibiwe waziwazi, maana wasiojua hupotea kwa njia mbili. Wako wanaoacha kuomba kabisa, wakidhani kwamba faini ya shilingi mia tano imewafungia dunia nzima. Na wako wanaoandika "La" mahali panapotaka "Ndiyo," wakidhani kwamba kosa dogo si kosa. Wote wawili wamepotea, lakini huyu wa pili amejitia katika shimo refu zaidi, kama tutakavyoonyesha.

FOMU INAULIZA NINI?

Jambo la kwanza ni kulisoma swali polepole, neno kwa neno. Mtu hukamatwa, kisha aweza kushtakiwa, kisha aweza kutiwa hatiani, kisha hupewa adhabu. Hizo ni hatua nne zilizo mbalimbali, na kila nchi ina hatua zake inazotaka kuzijua.

Fomu ya Marekani, iitwayo DS-160, huuliza kama mwombaji amepata kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata ikiwa alisamehewa baadaye. Basi mtu aliyelala kituo cha polisi usiku mmoja, akaachiliwa asubuhi bila kupelekwa kortini, hana hatia yoyote. Lakini amepata kukamatwa, na jibu lake ni "Ndiyo," pamoja na maelezo mafupi ya yaliyotukia. Fomu ya Kanada huuliza kama umepata kutenda kosa, kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani katika nchi yoyote. Fomu ya Uingereza huenda mbali zaidi. Huuliza habari za hukumu za jinai, adhabu za makosa ya kuendesha gari, maonyo rasmi, na kesi ambazo hazijamalizika. Tena huuliza hata hukumu za madai, kama ile ya mtu aliyeshindwa kulipa deni akapelekwa mahakamani.

Angalia, ee msomaji, kwamba hakuna fomu hata moja inayouliza kama wewe ni mtu mwema au mbaya. Zote huuliza jambo lililotukia. Ukilijibu swali lisiloulizwa, yaani swali la heshima yako, utaandika "La" kwa moyo safi kabisa, na bado utakuwa umesema uwongo.

Wengi hutegemea cheti cha tabia njema. Cheti hicho hutolewa na idara ya upelelezi wa jinai, yaani DCI. Mwombaji huomba kwa njia ya eCitizen, kisha huchukuliwa alama za vidole katika Huduma Centre au kwenye makao makuu ya idara hiyo, Barabara ya Kiambu, Nairobi, na alama hizo hulinganishwa na kumbukumbu za jinai. Ni vizuri kukipata mapema, ili ujue serikali ina habari gani juu yako kabla mtu mwingine hajaziona. Lakini cheti kisicho na doa si ruhusa ya kuandika "La." Huenda siku ile hakimu aliwahukumu watu arobaini katika asubuhi moja, wala hakuna aliyechukuliwa alama za vidole. Kumbukumbu haina jina lako, lakini wewe wajua, na yule aliyesimama nawe kizimbani ajua, na daftari la korti lajua.

KILA NCHI NA MIZANI YAKE

Jambo la pili ni kufahamu kwamba neno "dogo" halina kipimo kimoja. Kosa lililo dogo hapa kwetu laweza kuwa zito kule, na lile linalotuaibisha sana laweza kupita bila neno.

Tuanze na Marekani. Nchi hiyo hutumia Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952, ambayo imerekebishwa mara nyingi. Sheria hiyo hutazama kwanza aina ya kosa. Makosa yenye nia mbaya ndani yake, kama wizi, ulaghai na kughushi hati, humzuia mtu asiingie. Kulewa na kufanya fujo, au kuchuuza mboga bila leseni, kwa kawaida hayamo katika fungu hilo. Hata katika yale mabaya uko msamaha wa kosa dogo, kwa mtu mwenye kosa moja tu la namna hiyo. Ila masharti yake ni mawili. La kwanza, adhabu kubwa kabisa iliyowekwa na sheria kwa kosa hilo isizidi kifungo cha mwaka mmoja. La pili, yeye mwenyewe asiwe alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 6.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Hawapimi tu adhabu uliyopewa. Hupima pia adhabu ambayo ungaliweza kupewa. Katika sheria ya adhabu ya Kenya, kifungu cha 275, wizi wa kawaida waweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3. Wizi wa mifugo, hata akiwa mbuzi mmoja tu, kwa kifungu cha 278 hufika miaka 14. Basi mtu aliyeiba debe la mahindi akatozwa faini ndogo haupati msamaha huo, ijapokuwa hakulala gerezani hata usiku mmoja. Lakini aliyempiga mwenzake kofi katika ugomvi wa mpaka wa shamba, akashtakiwa kwa shambulio la kawaida chini ya kifungu cha 240, adhabu yake ya juu ni mwaka mmoja, na mlango wake ni mpana zaidi. Aliyetenda kosa lake moja kabla ya kutimiza umri wa miaka 18 naye husamehewa, ikiwa zaidi ya miaka 5 imepita tangu alipolitenda na tangu alipotoka kifungoni, kama alifungwa.

Bangi ina shauri lake peke yake. Msokoto mmoja uliopatikana mfukoni, ukaleta hukumu, humzuia mtu kuingia Marekani. Usidanganywe na habari kwamba majimbo mengi ya huko yameiruhusu. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, na kwa sheria ya serikali kuu bangi bado ni dawa iliyokatazwa. Hata hivyo, kwa wizi na kwa bangi pia, mgeni wa muda aweza kumwomba afisa wa ubalozi ampendekezee ruhusa maalumu ya kuingia pamoja na kosa lake. Ruhusa hiyo si haki ya mtu, na huchukua muda; lakini ipo, na wengi hawaijui kwa sababu hawakusema kweli wakafika hatua ya kuiomba.

Sasa tuchukue mfano wa dereva mmoja aliyetozwa faini mwaka 2019 kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Tumpime kwa mizani tatu.

Kwa Uingereza, kanuni zilizoanza tarehe 1 Desemba 2020 ziliweka kwamba mgeni wa muda aliyehukumiwa adhabu isiyo ya kifungo hukataliwa mpaka miezi 12 ipite tangu siku ya hukumu. Aliyefungwa chini ya miezi 12 hungoja miezi 12 tangu kumaliza kifungo chake. Aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi hukataliwa. Kwa kipimo hicho dereva wetu amekwisha kupita muda wake, na faini ile peke yake haimzuii.

Kwa Marekani, kuendesha gari ukiwa umelewa mara moja tu, pasipo jambo jingine baya, kwa kawaida si kosa la kumzuia mtu. Lakini aliyekamatwa kwa jambo la ulevi katika miaka 5 iliyopita hupelekwa kwa daktari wa ubalozi ili ajulikane kama ana ugonjwa wa ulevi. Miaka hiyo kwa dereva wetu imepita.

Kwa Kanada mambo hugeuka. Tangu tarehe 18 Desemba 2018, sheria ya huko imeliwekea kosa hilo adhabu ya juu ya miaka 10, na kwa sababu hiyo limeingia katika fungu la makosa mazito. Mwenye kosa moja lisilo zito, kama wizi mdogo, huhesabiwa kuwa amejirekebisha mara miaka 10 inapotimia tangu alipomaliza adhabu yake, bila kuomba. Dereva wetu hana neema hiyo. Hana budi kuiandikia serikali ya Kanada barua ya kuomba atambuliwe kuwa amejirekebisha, na barua hiyo huruhusiwa baada ya miaka 5 tangu kumaliza adhabu. Kwa kuwa alilipa faini yake mwaka 2019, aliweza kuomba tangu mwaka 2024. Asipoweza kungoja, aweza kuomba kibali cha muda kwa kueleza sababu kubwa ya safari yake.

Basi huyu ni mtu mmoja, kosa moja, faini moja. Na majibu ni matatu. Asikuambie mtu kwamba "wazungu hawajali" au kwamba "wazungu hawasamehi." Uliza ni nchi gani, kosa gani, mwaka gani, na sheria ya siku ile unapoomba, kwa maana kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara.

UWONGO HUZIDI KOSA

Sasa tumefika kwenye kiini cha shauri letu. Katika miji yetu wako madalali wa safari ambao, kwa ada yao, humjazia mtu fomu. Hufika kwenye swali hili wakamwambia, "Mzee, hapo tia La. Nani atajua?" Mzee husita, lakini nauli imekwisha kuchangwa na ukoo mzima, na dalali huvaa tai; basi hukubali. Dalali hatia sahihi. Anayetia sahihi ni mzee.

Tazama gharama ya "La" hiyo. Kwa sheria ya Marekani, mtu aliyedanganya kwa makusudi katika jambo la maana ili apate viza huzuiwa maisha yake yote, isipokuwa akipewa ruhusa maalumu. Kanada humzuia miaka 5. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2020 tulizozitaja, humkatalia mdanganyifu miaka 10. Na usidhani kwamba ukifukuzwa mlango huu utabisha ule: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand hupashana habari kwa kulinganisha alama za vidole za waombaji, na fomu zao huuliza kama umepata kunyimwa viza ya nchi yoyote.

Yule mwenye faini ya ulevi wa barabarani, ambaye kosa lake lisingalimzuia Marekani hata siku moja, sasa amezuiwa kwa uwongo alioutia mwenyewe. Alikuwa na jeraha dogo, akalifunika kwa kitambaa kichafu, likaoza. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Tusiseme kwamba kila asemaye kweli hupewa viza. Si hivyo. Wako watakaoandika "Ndiyo," wakaeleza vema, wakanyimwa. Na ada ya maombi ya Marekani, iliyopandishwa kuwa dola 185 mwezi wa Juni 2023, hairudishwi. Jambo hilo huuma, hasa kwa mkulima aliyeuza ng'ombe. Lakini aliyenyimwa kwa kweli aweza kurudi baada ya miaka kupita, akiwa na jina lile lile. Aliyenyimwa kwa uwongo hurudi akiwa na makosa mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

KARATASI ZINAZOFAA

Anayetaka kuomba na afanye hivi. Kwanza, aende katika korti iliyomhukumu, aonane na karani wa masjala, aombe nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka na za hukumu. Kwa kazi hiyo yafaa awe na namba ya kesi. Kama hana, aseme mwaka, mwezi na jina lililoandikwa siku ile, na awe na subira. Pili, atafute risiti ya faini, au barua ionyeshayo kwamba kifungo cha nje kilimalizika. Ikiwa jalada limepotea, aombe barua ya korti inayosema hivyo.

Tatu, aandike barua ya ukurasa mmoja: kosa gani, tarehe gani, korti gani, kifungu gani cha sheria, adhabu gani, na jinsi ilivyomalizika, kisha aeleze amefanya kazi gani tangu siku ile. Asilaumu polisi katika ukurasa mzima, wala asijidhalilishe. Nne, asome kila neno la fomu kabla ya kutia sahihi, hata ikiwa imejazwa na mwanawe mwenyewe. Na kama kosa ni la wizi, la bangi au la kumjeruhi mtu, ni heri ada ya dalali impelekee wakili anayejua sheria za nchi ile.

Wako wanaouliza juu ya msamaha wa Rais. Kifungu cha 133 cha Katiba ya mwaka 2010 chamruhusu Rais kusamehe, kwa shauri la kamati maalumu, na sheria ya kuiongoza kamati hiyo ilitungwa mwaka 2011. Ni jambo kubwa kwa mtu hapa nyumbani. Lakini kwa Marekani msamaha wa nchi nyingine haufuti jibu la fomu. Hata Uingereza, yenye sheria tangu mwaka 1974 ya kuyasahau makosa ya zamani kwa wenyeji wake, iliyatoa mashauri ya uhamiaji nje ya sheria hiyo mwaka 2012.

MLANGO WA KORTI NDIO MWANZO

Mwisho, tungependa kusema neno kwa wale ambao bado hawajahukumiwa, na hasa kwa vijana. Kila Jumatatu, katika korti nyingi, watu waliokamatwa mwishoni mwa juma husimamishwa mbele ya hakimu. Wengi husema, "Ni kweli," ijapokuwa si kweli, ili walipe faini wawahi kazi au waende kukamua ng'ombe. Huona kwamba wamejiokolea siku moja. Hawajui kwamba neno hilo litawangoja miaka ishirini katika fomu ya ubalozi.

Sheria ya mwenendo wa jinai, kifungu cha 348, husema kwamba aliyekubali kosa mwenyewe hawezi kukata rufani juu ya kutiwa kwake hatiani. Aweza kulalamikia tu ukubwa au uhalali wa adhabu. Tena rufani yenyewe ina siku 14. Basi kabla ya kukubali, elewa umeshtakiwa kwa kosa gani. Katiba, katika kifungu cha 50, yakupa haki ya kuelezwa mashtaka yako kwa ukamilifu, na ya kupewa mkalimani bila malipo ikiwa hufahamu lugha ya korti. Ikiwa ni ugomvi wa jirani na jirani, kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa jinai chairuhusu korti kusaidia wapatane kesi ikaisha. Ikiwa kweli umekosa, ungama. Lakini mweleze hakimu habari zako, kwa maana anao uwezo wa kumwachilia mtu bila adhabu panapostahili.

Na wewe uliyekwisha kuhukumiwa zamani, ukalipa, ukaishi vema tangu siku ile, usione haya kuandika "Ndiyo." Binti yako huko Kanada ajua baba yake ni mtu wa namna gani. Kabla hujamwandikia tarehe ya kuja, nenda kwanza kwa karani wa masjala ukaombe karatasi zako. Na kama dalali amekwisha kukujazia fomu, mwambie akurudishie uisome.